Bahari ya Msambweni Ikifunguka

Nikisema kwetu ni Samburu, watu huniuliza habari za ngamia na mikufu ya shanga. Siwalaumu. Samburu ile ya wafugaji iko mbali sana kaskazini. Hii yangu ni kituo kidogo cha Kwale, kwenye njia kuu ya Mombasa na Nairobi, katika nchi kavu ya Waduruma, penye vichaka vya miiba, mbuzi, na mitungi ya maji iliyopangwa foleni mvua inapokawia. Bahari haionekani wala haisikiki. Hata hivyo tangu utotoni nilikuwa nikiijua siku ambayo bahari ya Msambweni imefunguka, na nilikuwa nikiijua kwa pua.

Marehemu baba alikuwa Mduruma. Mama ni Mdigo wa Msambweni. Dada yake mkubwa, ambaye mimi humwita mama mkubwa, alikuwa akikaanga samaki ufuoni na kuwaleta bara katika beseni lililofunikwa kanga. Wanawake wa kazi hii huitwa mama karanga. Mgeni hudhani ni wauza njugu, kumbe jina latokana na kule kukaranga samaki katika mafuta. Mama mkubwa alipanda gari Ukunda, akapitia Kwale na Kinango, akatufikia jioni na vumbi kichwani. Miezi ya Juni, Julai na Agosti beseni lilikuwa jepesi: vitafi, vipono vya urefu wa kidole, na mara nyingi hakuja kabisa. Ilipofika Oktoba tuliisikia harufu kabla hajashuka garini. Vipande vya nguru, changu wazima, kolekole waliokatwa mapande manene. Mama alikuwa akisema, "Alhamdulillahi, bahari imefunguka."

Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kwamba bahari haifungwi kwa kufuli, ila hufungwa kwa upepo.

Msomaji wa pwani hana haja ya kufundishwa habari ya kusi, lakini vijana wetu wa mjini siku hizi huijua kwa kupeperushiwa viti vya plastiki tu. Kusi huanza mnamo Aprili pamoja na masika, hushika kwa nguvu Juni hadi Agosti, kisha hulegea. Kaskazi huja mwisho wa mwaka na hukaa mpaka Machi. Katikati, kuanzia Septemba mwishoni mpaka Novemba, ndipo panapokuwa na maleleji, ambayo wengine huiita tangambili kwa kuwa upepo hauna msimamo. Asubuhi maji hulala kama mafuta ndani ya sinia. Mvua za vuli huja na kupita. Huo ndio wakati ambao mwenye ngalawa husimama ufuoni, akatazama nje ya mwamba, na moyo ukamwenda mbio.

Pwani yetu ya kusini, kutoka Diani kushuka mpaka kisiwa cha Chale na kuendelea, ina mwamba mrefu uliolala sambamba na ufuo, si mbali hata kidogo. Ndani yake ni maji mafupi, nyasi za bahari na matumbawe; nje yake ni kilindi. Wakati wa kusi mawimbi hupasuka juu ya mwamba usiku na mchana, na milango ya kupitia huwa haipitiki kwa chombo kidogo. Basi kila mwenye mtumbwi, kila mwenye mshipi, kila mwenye lema, wote hujazana ndani ya lile bwawa. Maleleji yakiingia, nusu yao hutoka. Anayefaidi si yule aendaye nje peke yake. Hata mzee wa mtumbwi abakiye ndani hupata nafasi ya kupumua, na samaki wadogo nao hupata kupumua kidogo.

HESABU YA MWEZI

Kuna jambo moja ambalo sijaliona likiandikwa vya kutosha, nalo ni jinsi hesabu yetu ya Kiislamu inavyomfaa mvuvi. Mwenye kujua leo ni mwezi ngapi hahitaji kitabu cha maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na kukauka sana, na kukauka kwenyewe huwa mnamo saa nne au saa tano ya asubuhi. Ndipo utakapowaona akina mama na watoto wakitembea juu ya mwamba na mikonjo yao, wakichungulia mashimo ya pweza. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ikifika tarehe saba au nane, na tena tarehe 22 hivi, huwa ni maji mafu. Hayajai sana wala hayakauki sana, na mkondo hupoa. Mvuvi wa mshipi wa usiku hupenda maji mafu, kwa kuwa risasi yake hushuka wima badala ya kuburutwa. Anayetaka giza hungoja maji mafu ya mwisho wa mwezi, mwezi unapochelewa kutoka.

Lakini mwezi hauwezi kukuambia msimu. Mwaka wa Hijria hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua, na kwa hivyo Mfungo Mosi huweza kuangukia kusi au kaskazi. Wazee walikuwa na dawa yake: hesabu ya Nairuzi, mwaka wa siku 365 uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, ambao manahodha na wakulima waliutumia pamoja. Makunduchi, kule Unguja, wangali wakiukoga mwaka huo kila Julai mwishoni. Mjomba wangu wa Msambweni aliujua mwongo kama vile mimi nijuavyo tarehe ya mshahara.

Naye ndiye niliyetaka kuwasimulia habari zake.

Mjomba ni mvuvi wa malema na mshipi, mwenye ngalawa iliyochongwa kwa mwembe ambayo imetiwa viraka mpaka sijui umebaki mwembe kiasi gani. Malema yake huyasuka mwenyewe, hutia chambo cha mwani, akayatua kwa mawe penye nyasi. Tafi ndiye mteja wake mkubwa. Kila mwaka kuanzia Novemba mpaka Februari, siku za baada ya mwezi mpevu, tafi hukusanyika kwa wingi mahali maalumu nje ya Msambweni ili kutaga. Wavuvi walikuwa wakilijua jambo hili zamani, na wataalamu wa bahari waliokuja kulichunguza wamelithibitisha. Waliloongeza ni onyo. Ukimvua tafi siku ile unavua yeye na watoto wake wote pamoja. Mjomba aliposikia hayo hakubisha. Alisema tu kwamba yeye hutua malema manne pale, na kwamba wako wanaotua arobaini. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nikila tafi wa kupaka wakati ule, na mwenye mdomo uliojaa hana hoja.

Siku hizi hutumia malema yenye mwanya mwembamba pembeni, ambayo yalijaribiwa hapa hapa pwani yetu. Samaki mchanga hutoka, mkubwa hubaki. Mwanzoni alicheka akauliza ni lini mtu alijenga nyumba ya mtego akaiachia mlango. Baadaye aliona kwamba waliobaki ni wale wale wenye bei.

Kinachomkera ni juya. Juya huburutwa chini likachukua kila kitu, nyasi, mayai, watoto wa samaki. Mwaka 2001 serikali ilitangaza rasmi kulipiga marufuku pamoja na bunduki za kuchomea samaki, lakini sheria ni kitu kimoja na usiku ni kitu kingine. Tangu 2007 kila ufuo umepewa kamati yake ya wavuvi yenye madaraka ya kisheria, na mahali pengine kamati hufanya kazi na mahali pengine hunywa chai. Kabla ya hapo, 1995, bahari ya Diani mpaka Chale ilitangazwa kuwa hifadhi. Wavuvi waliikataa kwa nguvu. Waliogopa kwamba kitakachofuata ni kufukuzwa majini kama walivyokwisha kusukumwa kutoka ufuoni na mahoteli. Hifadhi hiyo ilibaki kwenye karatasi kwa miaka mingi. Mimi nadhani woga wao ulikuwa na sababu; pia nadhani kwamba bahari ililipa gharama. Mambo haya mawili sijapata njia ya kuyapatanisha.

Isitoshe, 1998 maji yalipata joto lisilo la kawaida na matumbawe mengi yakageuka meupe yakafa. Mjomba anakumbuka. Anasema ilikuwa kama kuangalia makaburi yaliyopakwa chokaa.

WENYE VYOMBO NA WENYE FIMBO

Maleleji huleta wageni. Kuna Wapemba, ambao tangu dahari hufuata samaki kwa pepo, wakapiga dago ufuoni, wakakaa miezi kadhaa. Wengine hawakurudi, wameoa, wamezaa, wajukuu wao hawajui Pemba ila kwa jina, na mwaka 2023 hatimaye serikali iliwatambua kuwa raia wa Kenya. Wao ndio mabingwa wa maji makuu. Nyavu zao kubwa za kuzungusha, ambazo huhitaji watu wengi na wapiga mbizi, zaweza kuzoa kundi zima la vibua au kolekole kwa mtupo mmoja. Masharti yawataka wavue maji ya kina, mbali na mwamba. Ugomvi huanza pale wavu unapokaribia mwamba, na hapo kila upande una maneno yake.

Kuna pia wageni wa fimbo. Mlango wa Pemba, mbele ya Shimoni na Wasini, una kilindi kirefu karibu sana na nchi, nao ni mashuhuri duniani kwa nduwaro na mbasi. Mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway alipiga kambi ya uvuvi Shimoni mapema mwaka 1954, muda mfupi baada ya kuokoka katika ajali mbili za ndege huko Uganda. Hata pale kambini moto wa msituni ulimuunguza. Mwaka ule ule alipewa tuzo ya Nobel, na kitabu chake mashuhuri ni juu ya mzee mvuvi na samaki mmoja mkubwa. Wengi wa wageni hawa siku hizi humtia nduwaro alama wakamwachia aende zake. Nilipomweleza mjomba, aliuliza mara mbili kama nimesikia sawa. "Atoke Ulaya, alipe chombo, alipe mafuta, amchoshe samaki, kisha amwachie?" Akatikisa kichwa. "Basi huyo amekuja kusalimiana naye."

Zamani, kabla ya vyombo kutoka, wazee wa Kidigo walitoa sadaka ya bahari, na wengine waliipeleka mizimuni pamoja na ubani. Mashekhe walilikemea jambo hili miaka mingi, na kwa haki. Ufuoni kwa mjomba husomwa Yasini, ikaombwa dua, wali ukapikwa, na watoto wa madrasa wakawa wa kwanza kula. Na siku ya Ijumaa hakuna chombo kinachoshuka majini mpaka watu wametoka msikitini.

Sasa nifike kwenye kilichonipeleka. Oktoba iliyopita, iliyoangukia Mfungo Saba, mjomba alinitumia ujumbe Samburu niende upesi. Nilidhani ni ugonjwa. Nilipofika nilimkuta amekaa barazani akirekebisha mishipi kwa kupapasa. Nilimwamkia, akaitambua sauti kabla ya uso. Macho yake yameingia ukungu, mtoto wa jicho, jicho la kushoto limekwisha kabisa na la kulia linafuata. Ametakiwa aende kupasuliwa, naye ameahirisha mara tatu.

"Nina mwamba wangu," aliniambia. "Nje. Nilionyeshwa na mjomba wangu mimi. Sijamwonyesha mtu."

Kwa asiyejua: mvuvi wa maji makuu huijua sehemu yake kwa kulenganisha alama za nchi kavu. Hulichukua kilima akakiweka juu ya mti fulani. Kisha hutazama upande mwingine, ncha ya kisiwa ikagusa kitu fulani. Mistari hiyo miwili ikikutana, uko juu ya mwamba. Milima ya Shimba na kile kilima cha Jombo vimewalisha wavuvi wengi kuliko duka lolote. Alama za mjomba sitazitaja, na msomaji atanisamehe.

Tulitoka baada ya sala ya alasiri, tarehe 22 ya mwezi, maji mafu, sisi watatu: mjomba kwenye usukani, mwanawe, na mimi mwenye kazi ya kuteka maji kwa upo. Mlangoni wimbi lilitunyanyua likatutua kwa adabu. Mjomba aliupita mlango ule kwa masikio. Tulirambaza mshipi nyuma njiani, tukapata sehewa wawili, ambao walikatwa pale pale kuwa chambo.

Kisha kazi ikaanza. "Jombo liko wapi?" aliuliza. Mwanawe alimwambia. "Na mti?" Tulitazama, tukatazama tena. Mti haukuwapo. Mahali pake palikuwa na paa la nyumba jipya jekundu, na pembeni mlingoti mrefu wa simu. Mzee alinyamaza muda mrefu, tanga likipigapiga. Jua lilikuwa limeshuka na nilijua kwamba likizama tutarudi mikono mitupu, na kwamba huenda hapatakuwa na safari nyingine. Aliuliza ule mlingoti uko upande gani wa paa. Akauliza umbali kwa upana wa vidole. Nilinyoosha mkono, nikamwambia vidole viwili. Akasogeza chombo, akaagiza bildi itupwe.

Bildi, kwa wasioijua, ni risasi ya kupimia kina, na chini yake hupakwa mafuta magumu ili ikwangue kilichopo. Mara ya kwanza ilileta mchanga mweupe. Aliupapasa akasema tumezidi. Mara ya pili ilileta mchanga na vipande vya kombe. Mara ya tatu ilirudi safi, imekwaruzwa. Mzee alipitisha kidole kwenye mkwaruzo ule, akatabasamu mtu aliyefika nyumbani kwake. "Tieni nanga."

Sitasema mengi juu ya usiku ule, kwa kuwa mvuvi akisimulia hakuna anayemwamini na mtu wa Samburu akisimulia ndiyo kabisa. Tulipata changu wengi, tewa wawili wenye vichwa kama vyungu, na kolekole mmoja aliyenikata viganja vyote viwili. Papa alitunyang'anya wengine. Mshipi ulirudi na kichwa tu. Mkondo ulikuwa umelala. Kati ya samaki na samaki mzee alizungumza.

Alizungumza juu ya mirathi. Kwa desturi ya zamani ya Wadigo mali ya mtu ilimwendea mpwa wake, mtoto wa dada, si mwanawe. Desturi hiyo ilipambana na sheria ya Kiislamu kwa miaka mingi, na si nyumba moja wala mbili zilizogombana mbele ya makadhi na mbele ya wazee. "Zamani chombo hiki kingekuwa chako," aliniambia, mwanawe akisikia. "Lakini mimi ni Mwislamu na Kitabu kimeshagawa. Ni cha wanangu, wa kiume na wa kike. Ila mwamba si mali. Hauandikwi mirathi. Ndiyo maana nimewaita nyote wawili."

Mwanawe hakusema kitu. Najua, kwa kuwa aliniambia mwenyewe siku iliyofuata, kwamba ana nia ya kuiuza ngalawa na kujiunga na kikosi cha nyavu za kuzungusha. Fungu la mtu mmoja kule kwa usiku mwema hupita pato la babake la juma zima, naye ana watoto watatu shuleni. Ningekuwa yeye sijui ningefanya nini.

Alfajiri tulisali ufuoni, nguo zikiwa na chumvi. Mama mkubwa alikuwa ameshafika na beseni, na wenzake wanne nyuma yake, wakibishana bei kama kwamba sisi si ndugu. Fungu la chombo lilitengwa kwanza, kisha mafungu ya watu. Langu nilimpa yeye akalikaange aende nalo Samburu. Tulipanda gari moja, mimi nikiwa nimefungwa vitambaa mikononi.

Kabla ya kuondoka, mjomba alinishika mkono akanivuta kando. Usiku ule, tulipotia nanga tu, mwanawe alikuwa ametoa simu mfukoni akaibonyeza, nayo ikahifadhi mahali tulipo kwa tarakimu. Mimi nilikuwa nimemwona. Sikujua kwamba mzee naye ameusikia mlio.

"Ile simu," aliuliza kwa sauti ya chini, "wale wa nyavu wanaweza kuusoma mwamba wangu ndani yake?"

Nilimwambia kwamba mtu akipewa simu mkononi aweza kusoma, ila mpaka apewe. Akaitikia kwa kichwa, akageuza uso upande wa bahari ambayo haioni tena, akaniuliza kama upepo ule uliokuwa ukimpiga shavuni ni kusi bado au ni kaskazi.

Nilitia kidole mate nikakiinua. Hata sikuweza kujua.